Jinsi Nilivyofikisha Nyama ya Mbuzi Nairobi Kutoka Marsabit Bila Kuharibika

Kila Desemba mimi na mke wangu huwapeleka watoto Marsabit kwa bibi yao, na siku ya kurudi Nairobi mama mkwe hakubali tuondoke mikono mitupu. Hutuchinjia mbuzi wawili wa malisho ya kule, na nyama yao sijaionja mfano wake katika bucha yoyote ya mtaani kwetu Donholm. Safari hiyo ni zaidi ya kilomita 500, na sehemu kubwa ya nusu ya kwanza hupita katika nchi kavu yenye joto kali, kuanzia Logologo na Laisamis hadi Merille na Archer's Post. Leo ninaweza kusema kwa fahari kwamba nyama yangu hufika ikiwa safi kama ilivyotoka kwenye kamba, lakini kabla ya hapo nilipoteza mbuzi wawili wazima kwa kusikiliza watu ambao hawakuwahi kusafirisha nyama kupita Thika.

Mwaka 2016 niliambiwa na kila mtu jambo moja: nyama ikishachinjwa ifungwe kwenye mifuko ya plastiki mara moja, ili nzi wasiiguse, kisha itiwe kwenye kasha la barafu na kifuniko kibanwe. Mifuko hiyo wakati huo ilikuwa bado haijapigwa marufuku, nami nikaifuata shauri hiyo neno kwa neno. Mbuzi walichinjwa asubuhi, mapaja yakafungwa yakiwa bado yana mvuke, nikamwaga barafu juu yake na saa nne tukaondoka. Njiani nilikuwa nikigusa kasha kila tuliposimama, na kwa kuwa lilikuwa baridi sana nikaamini kwamba mambo ni mazuri. Tulipofika Nanyuki nilifungua mfuko wa kwanza. Nyama kwa nje ilikuwa baridi na rangi yake ilikuwa nyekundu ya kupendeza, ila chini ya mfuko palikuwa na maji ya damu yaliyojaa kikombe kizima, na mafuta yalikuwa yanateleza mkononi. Nilichukua kisu nikakichoma kwenye paja hadi mfupani, na harufu iliyotoka pale ilimfanya mke wangu ashuke garini na watoto. Kuzunguka mfupa wa nyonga nyama ilikuwa imegeuka rangi ya kijivu yenye ukijani, na palikuwa na uvuguvugu. Saa sita na zaidi ndani ya barafu, na bado mfupa ulikuwa na joto la mnyama! Tuliitupa yote. Mama mkwe alipopiga simu jioni kuuliza kama tumefika salama na nyama, sikujua nimjibu nini, na mpaka leo naona uchungu nikiikumbuka simu ile.

Mwaka uliofuata nilimweleza mkasa huo mjomba wa mke wangu, mzee ambaye ujana wake wote aliufanya katika kambi za wawindaji wa kigeni, akiwa mchuna ngozi, mpaka serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Nyama ya porini sasa ni kosa la jinai kwetu, na yeye mwenyewe husema ni heri iwe hivyo, lakini ujuzi alioupata wa kutunza nyama ya nyati na pofu porini, siku nyingi mbali na mji, haujafa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Mkwe wangu, hukuihifadhi nyama, uliifunika blanketi. Nyama haifungwi kabla haijapumua.”

Alinieleza kwamba mnyama aliyetoka kuchinjwa ana joto la nyuzi zipatazo 39, na joto hilo halitoki kwa kuwekewa baridi ya nje pekee, kwa sababu minofu minene ya paja hulihifadhi karibu na mfupa kama majivu yanavyohifadhi kaa la moto. Ndiyo maana kambini walichuna ngozi papo hapo, kwani ngozi ni koti, kisha wakafungua kiungo cha nyonga kwa ncha ya kisu ili hewa iingie mahali penyewe panapoanza kuoza. Nyama hawakuiosha, kwa kuwa unyevu ndio unaokaribisha uozo. Waliifuta kwa kitambaa kikavu, wakaitundika kivulini penye upepo, wakaivisha shuka ya merikani ambayo huzuia nzi lakini hupitisha hewa. Baada ya saa chache uso wa nyama hukauka na kufanya utando mwembamba unaong'aa, na ukipitisha kidole juu yake hakinati. Aliushika mkono wangu akaupitisha juu ya bega la mbuzi aliyekuwa ametundikwa pale kwake, ili nijue kwa ngozi yangu mwenyewe hali hiyo ikoje. Hakuna maelezo ya maandishi yangeweza kunifundisha hilo.

Niliyachukua ya mzee nikayaunganisha na yangu. Tunachinja saa kumi alasiri, mkaguzi wa nyama akiwepo ili atupatie hati, maana kwenye vizuizi vya barabarani nimewahi kuulizwa nyama imetoka wapi. Mji wa Marsabit uko mlimani na upepo wake wa jioni ni wa baridi, kwa hiyo nyama ikitundikwa mpaka saa nne usiku huwa imepoa vya kutosha. Kuitia nyama ya moto kwenye barafu mara tu baada ya kuchinjwa kuna ubaya mwingine ambao watu hawausemi: minofu hujikunja kwa baridi ya ghafla na nyama huwa ngumu kutafuna hata ukiichemsha nusu siku.

Barafu ndiyo iliyonitesa zaidi baada ya hapo. Mara ya kwanza nilijaza chumvi nyingi kwenye chupa za maji kwa sababu nilisikia kwamba maji ya chumvi huwa baridi zaidi yakiganda. Ni kweli, lakini yanahitaji friji yenye nguvu, na friji ya duka nililolipia ilikuwa imejaa soda na maziwa, hivyo asubuhi nikakuta chupa zina uji. Sasa ninagandisha maji matupu katika chupa za lita moja na nusu, kama kumi na sita hivi, siku mbili kabla ya safari, na mwenye duka humpa mtu nafasi kwa shilingi mia tatu au nne, kutegemea urafiki. Uzuri wa chupa ni kwamba barafu ikiyeyuka maji hayaigusi nyama, na watoto huyanywa njiani. Usiku wa kuamkia safari chupa nne huingia kwenye kasha tupu mapema ili kuta zake zipoe kwanza, kwani kasha lililoshinda juani hula barafu yako ya saa nyingi kabla halijaanza kukusaidia.

Chini ya kasha ninatandika vijiti vilivyofungwa kwa kamba kama kitanda kidogo, ili nyama isilale kwenye majimaji yanayojikusanya. Mapaja hukaa chini, kila moja likiwa limezungukwa na chupa, mbavu na mabega juu yake, yote ndani ya merikani, na nafasi iliyobaki huijaza kwa shuka kuukuu, kwa maana hewa inayozunguka ndani ndiyo inayoyeyusha barafu. Maini, figo na matumbo hayasafiri kabisa. Tunayala usiku uleule na jamaa, na vipande vidogo vya nyama mama mkwe huvikausha na kuvikaanga kwa samli kuwa nyirinyiri, ambayo haihitaji barafu hata chembe.

Tunaondoka saa tisa usiku. Wenzangu wanaosafiri kwa starehe hunishangaa, lakini lami ni nzuri, na saa moja asubuhi tunakuwa Isiolo kabla jua halijapata nguvu. Kuanzia hapo barabara inapanda kuelekea Timau, na baridi ya Mlima Kenya inanifanyia kazi bure. Nilinunua kipimajoto cha sindano mjini, bei yake haikuzidi shilingi elfu moja, na safari iliyopita nilikichoma kwenye paja hadi karibu na mfupa tulipofika Isiolo: nyuzi 6. Saa saba mchana, nyumbani Donholm, kilisoma 3. Nyama inatakiwa iwe nyuzi 4 au chini yake, na ikizidi 5 kwa muda mrefu vijidudu huanza kuzaana kwa kasi, kwa hiyo mtu asikubali kubahatisha kwa kugusa kifuniko kama nilivyofanya mimi.

Mwenzangu wa kazini alinihimiza ninunue barafu kavu. Baridi yake hufika nyuzi 78 chini ya sufuri, lakini inapoyeyuka hugeuka kuwa hewa ya kaboni dioksidi, nami husafiri na watoto wamelala na madirisha yamefungwa. Nilikataa, na sitabadili msimamo huo.

Jioni ya siku tuliyofika safari hiyo iliyopita, mke wangu alichoma kisu kwenye nyonga, akanusa, akanipa nami ninuse. Kilikuwa kinanukia nyama tu. Nilimpigia mama mkwe kabla hajanipigia, kisha nikampigia mzee, naye akauliza kwanza kama kitambaa chake cha merikani nilichokiazima kimerudi salama. Nimekifua kwa maji ya moto na kukianika juani, na mita tatu mpya nimemnunulia sokoni Gikomba, kwa kuwa chake kimeanza kuchanika kwenye pindo.