Krismasi ya kiburu, pilau ya dengu na rozela: kumbukumbu za mradi wangu wa Desemba

Wiki ya mwisho ya Novemba

Nimeanza rasmi. Mradi huu nimeuwaza tangu mama alipoambiwa ana sukari, juu ya presha aliyokuwa nayo miaka mingi. Krismasi hii, nyumbani Marangu, chakula kikuu mezani kitatokana na mimea: ndizi, maharage, dengu, mboga za majani, nazi kidogo na matunda ya msimu. Mbuzi atachinjwa kama kawaida, hilo ni la wazee na siligusi. Ninachotaka ni kwamba asiyekula nyama siku hiyo, kwa ushauri wa daktari au kwa hiari yake, asibaki na wali mkavu na kachumbari huku wenzake wanasherehekea.

Naamini chakula cha mimea hakishangiliwi sikukuu kwa sababu tunakipika kama cha siku za kazi. Nyama tunailaza na tangawizi na kitunguu saumu tangu jana yake, tunaikalia jikoni, tunaionja mara tatu. Maharage tunayatupia kitunguu na chumvi, halafu tunasema hayana ladha. Mwaka huu maharage yatapata viungo vyote, yatapata muda, na yatapata mpishi asiye na haraka.

Upande wa pili wa mradi ni wapishi wenyewe. Kila Desemba wanawake wa nyumbani tunaamka kabla ya jogoo, tunakula tumesimama, na jioni ya sikukuu hakuna mwenye nguvu hata ya kupiga soga na wageni waliotoka mbali. Mlo wa afya ambao mpishi wake anaanguka kwa uchovu mimi siuhesabu kuwa wa afya.

Desemba 6

Nimekwenda soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo, kutafuta ndizi za kupika aina ya mshare za kufanyia majaribio hapa Dar. Nataka kiburu kiwe chakula cha kwanza mezani, kwa sababu ndicho chakula chetu cha Kilimanjaro ambacho tangu zamani kimesimama bila nyama: ndizi na maharage, vikipikwa pamoja na kupondwa.

Wazee huweka magadi ili maharage yalainike upesi. Hapo nimebadilisha. Magadi yana sodiamu nyingi, haimfai mtu wa presha, na huharibu vitamini B1 iliyo kwenye maharage. Badala yake nayaloweka usiku kucha na kumwaga maji yale, jambo ambalo pia linapunguza gesi tumboni. Asubuhi nayabandika kwa maji mapya, moto mkali, yachemke kwelikweli si chini ya dakika 10, ndipo napunguza moto. Msisitizo huo ni wa maana hasa kwa maharage mekundu, ambayo yakiwa hayajaiva vizuri yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha.

Ndizi zenyewe: utomvu wake unaganda vidoleni na kuwa mweusi, sabuni haiutoi. Paka mafuta ya kupikia mikononi kabla ya kumenya, na kila ndizi ukiimaliza itumbukize kwenye maji yenye ndimu isibadilike rangi. Zikiiva na kuanza kupasuka zenyewe sufuriani, ponda nusu tu kwa mwiko, nusu iache vipande. Mwisho natia kitunguu nilichokikaanga pembeni hadi kiwe rangi ya kahawia, kijiko cha kitunguu saumu, pilipili hoho iliyokatwa ndogondogo, na tui la pili kikombe kimoja. Tui la kwanza, lile zito, nalitumia kwa kubania. Mafuta ya nazi ni ya mimea, sawa, lakini ni mafuta yanayoganda, na mwenye matatizo ya moyo hapaswi kuyamwaga kama maji.

Desemba 13

Pilau. Nimeipika bila nyama na majirani wawili wamekula bila kuuliza chochote.

Watu wengi wanadhani rangi ya pilau inatokana na nyama. Inatokana na kitunguu. Kata vitunguu vyembamba, vipe mafuta ya kutosha na subira, koroga bila kuondoka, vipite njano, vipite dhahabu, vifike kahawia ya mbegu ya ukwaju. Sekunde chache baada ya hapo vinaungua na kuwa vichungu, kwa hiyo tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa viwe tayari pembeni, uvitie mara moja vipunguze moto. Kisha masala, vizunguke kwenye mafuta mpaka jikoni kunukie, kisha viazi, kisha dengu nzima zilizokwisha chemshwa nusu kuiva, ndipo mchele na maji ya moto. Vikombe viwili vya mchele kwa kikombe kimoja na nusu cha dengu. Uwiano huo ni wa makusudi: dengu zinaleta protini na nyuzinyuzi, na zinapunguza wali katika kila pakuo.

Chumvi naipima sasa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, tena ikiwa ni jumla ya vyakula vyote. Vile vidonge vya kutia ladha kwenye mchuzi nimeviacha kabisa, maana vingi vimejaa chumvi. Pilau yenye karafuu na iliki haivihitaji.

Desemba 20

Nimepanda basi la asubuhi. Mizigo: nazi, dengu, maua makavu ya rozela, masala kwenye chupa iliyofungwa vizuri. Stendi imefurika, Wachagga tunarudi nyumbani. Leo sipiki, nalala.

Desemba 22

Kikao cha jikoni. Nimewaeleza wote mpango na kuomba kila mtu achague kazi, wanaume wakiwemo. Kaka kachukua kukuna nazi. Vijana wamepewa ndizi na chupa ya mafuta ya mikono. Wifi yangu akasema yeye ataosha vyombo vya asubuhi tu, jioni ana mtoto mchanga; tumekubaliana na hakuna aliyenung'unika. Mama nilimwambia kazi yake itakuwa kuonja.

"Kuonja ni kazi ya wageni," akasema. "Lete hayo maharage niyachambue."

Akakaa barazani na ungo, akachambua yote, akitenga yaliyotobolewa huku akitusimulia jinsi bibi alivyokuwa akipika kiburu cha msiba na cha ngoma kwenye vyungu tofauti. Nimeandika kila kitu kwenye daftari langu.

Tumeweka pia kanuni moja: kufikia saa tatu usiku wa tarehe 24 jiko linafungwa. Kitakachokuwa hakijaandaliwa hakitakuwepo mezani.

Desemba 24

Maharage yamelowekwa. Vitunguu vimekaangwa na kuhifadhiwa. Rozela imechemshwa: kikombe kimoja cha maua kwa lita mbili za maji, tangawizi iliyopondwa, kijiti cha mdalasini, dakika kumi, kisha imechujwa. Jagi moja lina sukari kidogo kwa watoto, la mama halina kabisa, lina vipande vya limau. Jiko limefungwa saa tatu kasorobo. Tumekwenda kulala.

Desemba 25

Tumetoka kanisani, tukala saa nane. Mezani: kiburu, pilau ya dengu, mchicha wa karanga, kisamvu, biringanya za kuchoma zilizopondwa na nyanya na dania, kachumbari ya parachichi, maembe na mananasi. Nyama ya mbuzi ilikuwa kwenye sinia lake pembeni, na waliotaka walichukua.

Kisamvu nataka nikiseme vizuri kwa sababu kinapikwa kwa haraka siku hizi. Majani ya muhogo yana sumu ya sayanidi. Lazima yatwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kufunika, mvuke utoke. Baada ya hapo ndipo karanga zilizosagwa zinaingia, kwa moto mdogo, ukikoroga zisishike chini.

Mchicha tuliukamulia ndimu mezani. Madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage mwili huyapokea kwa shida, na vitamini C husaidia. Chai inafanya kinyume, kwa hiyo birika tulilichelewesha saa nzima. Baba mdogo hakufurahia, lakini alisubiri.

Sahani ya mama tuliipanga hivi: nusu mboga, robo maharage na dengu, robo wanga. Akaongeza kiburu kijiko kimoja, akasema, "Hiki ni cha bibi yako." Shangazi, ambaye kila mwaka husema sherehe ni nyama, alirudia pilau na akaniuliza masala nimenunua wapi.

Na sisi wapishi tulikaa. Wote, kwa wakati mmoja, kwenye viti, sahani mapajani.

Desemba 27

Asubuhi nimetembea na mama na wifi hadi mtoni na kurudi, polepole, tukipitia mashamba ya kahawa na migomba. Mama amepima sukari yake kama apimavyo kila siku. Dawa zake hatukuzigusa na sitatoa hitimisho kwa mlo mmoja. Nilichokiona kwa macho ni kwamba hakulala mchana kwa uzito wa tumbo, kama miaka mingine.

Binamu yangu sasa anataka kuacha nyama, mayai na maziwa moja kwa moja. Nimemwambia afanye akijua jambo moja: vitamini B12 haipatikani kwenye vyakula vya mimea. Atahitaji vidonge vyake au vyakula vilivyoongezewa, na azungumze na mhudumu wa afya kabla ya kuanza.

Desemba 29

Hatua inayofuata ni Pasaka, na nataka kujaribu mtori wa uyoga. Kwa sasa, masala ya pilau kama nilivyomwandikia shangazi: bizari nzima vijiko vinne vya chakula, pilipili manga kijiko kimoja cha chakula, karafuu kijiko kimoja cha chai, iliki kumi na tano, mdalasini vijiti viwili vya urefu wa kidole. Kaanga bizari na pilipili manga bila mafuta mpaka vianze kunukia, epua, changanya na vingine, twanga. Usitwange ya mwezi mzima. Twanga ya wiki mbili, weka kwenye chupa kavu mbali na jiko, na kwa kila vikombe viwili vya mchele tia kijiko kimoja cha chakula kilichojaa.