Gitaa langu lenye tumbo wazi

Kwa wiki nzima niliamini nimenunua gitaa la umeme lenye gogo ndani, yaani kipande cha mti kilichojaza katikati ya tumbo. Aliyeniuzia Dar es Salaam ndivyo alivyosema, na mimi nilipoona yale matundu mawili ya herufi f nikahesabu hela nikampa. Nikalipakata kwenye basi zaidi ya kilomita 800 mpaka Mbeya. Kondakta alitaka liwekwe kwenye buti, nikakataa, na kwenye kona za Kitonga nililikumbatia kama mtoto mwenye homa.

Jumapili likaniumbua. Wimbo wa kwanza wa kwaya haujafika hata kiitikio, gitaa likaanza kuvuma lenyewe, kwanza chini chini, halafu likapanda mpaka likawa honi ya lori. Nikabana nyuzi zote kwa kiganja, wapi! Baada ya ibada mwalimu wa kwaya, mama mtu mzima asiyejua kufoka, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, hilo gitaa uliliombea kabla ya kulileta humu?" Soprano wote wakaangua kicheko.

Jioni nikachukua kioo kidogo cha mke wangu na tochi ya simu, nikachungulia kwenye tundu. Tupu. Ndipo nikaanza kusoma mambo niliyopaswa kuyasoma kabla ya kulipa. Gitaa langu ni Epiphone Casino, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1961, na tumbo lake liko wazi lote. Kwa sura ni pacha wa Gibson ES-335 ya mwaka 1958, ila hiyo katikati ina gogo la mti wa maple, na upande wa kushoto na kulia tu ndiko kuna uwazi. Ukiyaweka ukutani huwezi kuyatofautisha kwa haraka. Washa amplifaya uone. Sauti ya spika inautikisa ubao mwembamba wa juu, ubao unatikisa nyuzi, pikapu, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, inadaka mtikisiko na kuurudisha kwenye spika, na spika inautikisa ubao tena kwa nguvu zaidi. Ubao ulioshikwa na gogo hautikisiki ovyo namna hiyo.

Nilitaka kuliuza. Kilichonizuia ni usiku mmoja umeme ulipokatika mtaani kwetu. Gitaa langu la zamani, lile la ubao mzito usio na uwazi, bila umeme linalia kama nyuzi zilizofungwa kwenye meza. Hili nikaligusa tu gizani, sauti ikajaa chumba kizima: si kubwa kama ya gitaa la kawaida la tumbo, lakini ina pumzi. Nikapiga mpaka mshumaa ukaisha, watoto wamelala chumba cha pili na hakuna aliyeamka. Nikasema basi, hili haliondoki. Nitajifunza tabia zake.

Dawa ya kwanza niliipata kwa B.B. King, mpiga gitaa la blues wa Marekani, ambaye aliwahi kujaza vitambaa kwenye matundu ya magitaa yake kuzuia mvumo huohuo; gitaa la Lucille, jina aliloyaita magitaa yake, ambalo Gibson walilitoa mwaka 1980 halikuwekewa matundu kabisa. Mimi nilikwenda sokoni Mwanjelwa nikanunua kipande cha sponji ya godoro, nikakata vipande viwili kwa umbo la f, vinene kidogo kuliko tundu ili vibane. Kimoja nilikisukuma kwa bidii kikatumbukia ndani. Nilihangaika nacho karibu saa nzima kwa spoki ya baiskeli iliyopindwa ncha. Tangu siku hiyo kila kipande nimekifunga uzi, na uzi unaning'inia nje.

Sponji peke yake haitoshi. Kijana wetu wa miksa alinifundisha nusu iliyobaki: "Kaka, usiipe spika uso." Nilikuwa nasimama mbele ya amplifaya, gitaa linatazamana nayo. Sasa nasimama pembeni, hatua tatu hivi, mwili wangu ukiwa katikati. Besi naipunguza mpaka karibu robo, kwa kuwa mvumo wangu huanzia kwenye sauti nzito. Na nikiwa sipigi, hata kwa mistari miwili ya wimbo, nafunga sauti kwenye gitaa lenyewe. Hilo la mwisho ndilo lililonichukua muda mrefu kuzoea, kidole kilikuwa kinasahau.

Nililolitarajia ni kelele, sikutarajia kipupwe. Huku kwetu Juni na Julai baridi inakuwa kavu, midomo inapasuka, na kumbe mbao nazo zina kiu. Ncha za freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, zikaanza kukwaruza vidole, maana ubao wa shingo ulisinyaa na chuma hakisinyai. Shingo nayo ikajivuta nyuma, nyuzi zikawa zinagonga freti. Niliurekebisha mshipa wa chuma ulio ndani ya shingo kwa ufunguo wake, robo mzunguko, nikaliacha lilale hadi kesho yake ndipo nikapima tena. Ukiwa na haraka na chuma hicho utalia. Siku hizi gitaa halikai ukutani wala karibu na jiko la mkaa, linakaa kwenye kasha lake pamoja na kisahani cha sabuni chenye matundu, ndani yake sponji yenye unyevu, iliyokamuliwa mpaka haidondoshi hata tone.

Na nyuzi nabadilisha mmoja mmoja. Ukizitoa zote, kile chuma cha mkiani kinachozishika kinaanguka na kukwaruza rangi. Mkwaruzo ninao, sihitaji wa pili.

Mwaka huu kijana mmoja wa kwaya anayekaa Uyole amenunua gitaa lenye gogo, la kweli hili, nimelichungulia mwenyewe kwa kioo. Anapiga kwa sauti kubwa, anasimama popote anapotaka, halimvumii. Nilimwonea wivu mwezi mzima. Halafu jioni moja akapita nyumbani akanikuta barazani napiga bila umeme, sponji nimezitoa. Akakaa. Chai ikapoa. Mwisho akasema, "Shikamoo baba, naomba tubadilishane siku tatu tu."

Nilimpa. Leo ni siku ya nane.