Wiki Tatu na Chaki Darini

Kiwanda chetu ni cha maziwa, na mabomba ya darini karibu yote yamevikwa bati la aluminiamu. Mvuke, maji ya baridi, soda kali (kostiki) ya kuoshea mitambo, vyote vinang'aa sawasawa. Usiku mmoja kijana mgeni alifungua koki akidhani ni maji ya kuoshea sakafu. Kumbe soda, tena ya nyuzi 75 hivi. Buti zilimwokoa miguu, ila kiganja kiliungua. Tukakiweka chini ya maji yanayotiririka robo saa nzima ndipo tukampeleka zahanati.

Kesho yake nikaambiwa niyaandike mabomba majina. Nilipiga hesabu ya siku mbili. Ikawa wiki tatu, maana mchoro wa kiwanda ulikuwa mzee kuliko nusu ya mabomba yenyewe. Nikamfuata fundi wetu wa siku nyingi. Yeye mbele na tochi, mimi nyuma na chaki, bomba kwa bomba hadi linapoishia. Moja tulilikuta limekatwa huku na huku, linaning'inia tu. Mzee akacheka: "Hili nililikata mimi."

Stika zilipofika, za soda zilikuwa rangi ya chungwa. Huo ni mfumo wa Marekani wa rangi za mabomba, ASME A13.1: chungwa ni sumu na vitu vinavyounguza. Sisi tumezoea BS 1710 ya Waingereza, ambako chungwa ni umeme, nazo asidi na soda ni zambarau. Fundi umeme alizitazama akauliza, "Nani kapitisha nyaya huku bila kuniambia?" Zikarudi dukani siku hiyohiyo.

Kwa kuwa zambarau ni ya asidi na soda pia, maandishi ndiyo yanayotofautisha. Bosi alitaka Kiingereza kwa ajili ya wakaguzi. Nikamwambia anayeshika koki saa nane usiku si mkaguzi. Tukaelewana: SODA KALI – MOTO juu kwa herufi kubwa, Kiingereza chini yake.

Kosa langu nalo lilikuwepo. Stika za kwanza nilizibandika nikiwa juu ya ngazi, usawa wa macho yangu. Niliposhuka, hata moja haisomeki! Nikarudia zote upande wa chini wa bomba, kwanza penye koki, kisha pande zote mbili za kila ukuta, na mshale wa mkondo. Za bomba la mvuke zilibanduka kwa joto, nikafunga vibati kwa waya.

Lile bomba la mzee bado lipo. Kulishusha ni gharama, kwa hiyo nimeliandika TUPU.