Ndoo ya ukwaju

Leo nimekula sinia moja na mtu niliyempigia honi asubuhi. Naandika usiku huu huu, maana najijua: nikilala nitaamka nimeshajipatia udhuru.

Nikaha ilikuwa Bububu, hapa kwetu Unguja, saa nne. Saa nne kasorobo mie ndiyo kwanza naingia kipilefti cha Michenzani, kofia nimeiweka juu ya dashibodi isije ikakunjika. Na pale pale nikaanza. Kanuni kila mwenye leseni anaijua: aliyekwisha ingia kwenye mzunguko, anayekujia kuliani, ndiye wa kupishwa. Lakini nikaona upenyo mbele ya daladala ya 502 nikachomeka pua ya gari. Dereva akakanyaga breki, utingo akapiga bodi makofi mawili, akanitolea jicho. Nikajifanya nautazama mnara.

Baada ya Maruhubi nikamkuta yeye. Vespa kongwe, rangi imepauka hata huwezi kusema ni buluu au kijani, mzee kaivuta kanzu yake mpaka magotini. Katikati ya miguu, kwenye ubao wa vespa, kaweka ndoo nyeupe ya plastiki, imefunikwa, na juu ya kifuniko imefungwa kanga. Kila akifika penye shimo anapunguza mpaka karibu asimame, anaibana ndoo kwa magoti, anapita, ndipo anaongeza tena. Yote haya niliyaona vizuri, maana nilikuwa nimemkaribia hata namba ya vespa naisoma. Niliyaona, ila hayakuniingia. Kilichoniingia ni kwamba kuna mtu ananichelewesha.

Kwetu honi ina lugha yake. Mbili fupi ni salamu. Moja fupi kwenye kona ni hodi. Za daladala zile za mfululizo zinawaambia walioko uchochoroni kwamba gari imefika, tokeni. Na taa nazo hivyo hivyo: anayekuja mbele yako akizipepesa, huenda anakwambia trafiki wako mbele, huenda anakupisha, huenda anakuonya usithubutu kutoka kwa sababu yeye hasimami. Maana tatu kwa ishara moja, na mbili kati ya hizo ukizichanganya unazikwa. Sijui nani alitufunza, chuo cha udereva hawakutufunza.

Ile ndefu, ya kukandamiza mkono, haina maana zaidi ya moja. Ndiyo niliyompigia. Halafu nilipopata nafasi nikampita, kioo nimekishusha: "Mzee, kama njia imekushinda panda daladala!"

Akainua mkono. Mpaka sasa sijui ule mkono ulikuwa samahani au salamu.

Nimepiga hesabu jioni hii. Zamani palikuwa na treni ya mjini hadi Bububu, ilianza 1905, reli yake maili saba, yaani kama kilomita 11. Chukua masafa hayo hayo. Ukienda 60 bila kusimama, dakika 11. Ukienda 80, dakika nane na kidogo. Dakika tatu hazitimii, na ndizo nilizomtukania mtu mzima. Na kwa hiyo 80 gari inakata mita 22 kila sekunde. Mtoto akichomoka pale Mtoni anakimbilia chuoni, msahafu kifuani, mguu wangu haujaondoka kwenye mafuta wala haujagusa breki, hizo mita zimeshakwisha. Nikafuta hesabu, sikuitaka tena mbele yangu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kwa miguu mimi siye yule. Nimekulia Mkunazini. Katika zile njia za Mji Mkongwe watu wawili wenye vikapu hawapishani mpaka mmoja abandike mgongo ukutani, na kila mmoja anataka awe yeye. "Pita, ami." "A-a, pita wewe kwanza." Hamali na gari lake la mkono anapiga kelele "Hodi, hodi!" toka mbali, watu wanajipanga kibarazani mpaka apite, na akipita anashukuru. Sijapata kumpita mtu pale bila kumtolea salamu, hata nimjue nisimjue. Nipe usukani sasa, nipandishe kioo, niwashe kiyoyozi. Aliye mbele yangu si ami tena, ni kizuizi.

Ramadhani ndiyo usiseme. Robo saa kabla ya magharibi sote tunaendesha kana kwamba tende zitakwisha dunia nzima. Na tumefunga!

Kule msitu wa Jozani wamewawekea kima punju matuta barabarani, kwa sababu magari yalikuwa yakiwagonga wanapovuka. Wanyama wa kwetu hawa, asili yao Unguja tu. Tukifika pale tunapunguza wote, mashangingi, malori, daladala za Makunduchi, tunapita kwa adabu kama tunaingia msikitini. Najidanganya kila siku kwamba ni huruma. Ni tuta. Bila tuta, huyo kima angepigiwa honi kama mzee wangu wa leo.

Basi. Nikafika Bububu jasho linanitiririka, na nikaha bado. Shekhe mwenyewe hajafika. Nikakaa barazani na wengine, kahawa chungu mkononi, na haukupita muda nikasikia ule mlio wa vespa. Watoto wakamkimbilia. "Ukwaju umekuja! Ukwaju umekuja!" Ndoo ikateremshwa na vijana wawili, kanga ikafunguliwa, na mwanamke mmoja akachungulia ndani akasema kwa sauti, "Mashaallah, haikumwagika hata tone."

Nikainama nikaanza kuitazama kahawa yangu.

Baada ya adhuhuri tukapangwa kula, watano kila sinia. Na Mungu naye ana mipango yake: nimekaa, nimekunja miguu, nasikia mtu anasema, "Sogea kidogo, mwanangu." Ni yeye. Pilau imewekwa, tukatia bismillahi. Kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wetu, nyama aliigawa yeye, anaimega kwa ncha za vidole na kuisukuma, kwa huyu, kwa huyu. Upande wangu likaja pande la mfupa lenye uboho. Nikasema, "Mzee, kula wewe." Akasema meno yake hayauwezi.

Tukala kimya kimya. Nilikuwa natafuta maneno. Yakija yanakwama pamoja na wali.

Juisi ilipoletwa akanikabidhi gilasi, ya baridi, ina hiliki. Halafu akauliza, bila kunitazama:

"Ile gari nyeupe pale chini ya mwembe ni yako?"

"Yangu, mzee."

"Taa yako ya breki ya kushoto haiwaki. Nimeiona uliponipita. Katengeneze, utakuja kugongwa usiku."

"Nisamehe, mzee," nikasema.

"Taa huungua, mwanangu," akajibu, akageuka kuomba pilipili.

Mpaka sasa sijui kama alinielewa. Nadhani alinielewa.

Kurudi, saa kumi, nikamkuta tena mbele yangu karibu na Kibweni. Ndoo imo pale pale katikati ya miguu, tupu sasa, inagonga ubao kila penye shimo, na bado anapunguza vile vile. Nafasi ya kumpita ilikuwepo, mara mbili. Nikabaki nyuma yake kwa 30, kioo kiko chini, upepo wa pwani unaingia.

Nyuma yangu gari ikapiga honi. Ile ndefu.

Nikainua mkono.