Video ya Kacy isiishie Dallas

Hapa Mwanza ukitaja jina la Kacy Catanzaro, wengi watakuuliza ndiye nani. Ukisema Katana Chance, jina lake la ulingoni, vijana wanaofuatilia mieleka watakujibu papo hapo. Mdogo wangu wa kiume ni mmoja wao. Mei 2025 WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, walipoachana na Kacy, yeye na mwenzake Kayden Carter kwa siku moja, mdogo wangu ndiye aliyenipa habari, na alikuwa amesikitika kweli. Alichokuwa hakijui ni kwamba mwanamke huyo mimi namfuatilia tangu 2014, kabla hajakanyaga ulingo. Nikamwambia, kaa hapa nikuonyeshe alikotoka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na michezo ya wasichana iko mikononi mwangu. Kwa hiyo ninapomtazama Kacy sitazami burudani tu. Natazama kama mtu atakayesimama Jumatatu mbele ya wasichana wa darasa la sita na la saba, awaambie mwili wao unaweza nini.

Tuanze na kimo, kwa sababu ndicho kiini cha habari nzima. Kacy ana sentimita 152. Uzito wake siku zile ulikuwa kama kilo 45. Nilichora mstari wa chaki kwenye fremu ya mlango wa darasa la saba, nikapima kwa futikamba ya fundi cherehani, nikawaita wasichana wapite chini yake mmoja mmoja. Wengi waliufikia, na kadhaa waliupita. Binti mmoja aliyezoea kuitwa mfupi alisimama pale, akagusa mstari, akageuka: "Mwalimu, huyu bingwa ndiye ananifikia mimi?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu, mko sawa kabisa.

Kacy alitoka kwenye jimnastiki. Aliicheza Chuo Kikuu cha Towson, jimbo la Maryland, kisha akaingia kwenye American Ninja Warrior, mashindano ya vikwazo yanayoonyeshwa kwenye televisheni ya Marekani. Asili ya mashindano hayo ni Japani, kipindi cha Sasuke kilichoanza 1997. Masharti ni mepesi kueleza na magumu kutimiza: unapita kikwazo kimoja baada ya kingine, chini kuna maji, ukitumbukia umetoka. Wajapani waliwahi kutenga kipindi cha wanawake peke yao, Kunoichi, na huko Ayako Miyake alimaliza mara 3 mfululizo. Namtaja kwa heshima, maana wengi husimulia kana kwamba wanawake waligundua vikwazo mwaka 2014. Lakini kozi ya Marekani ni moja kwa wote. Ukuta anaopanda mwanamume wa futi sita ndio huohuo anaopanda Kacy.

Na ukuta huo ndio uliowashinda wanawake kabla yake. Wakati ule ulikuwa na futi 14, mita 4 na ushei. Chini umejikunja, na kadiri unavyopanda ndivyo unavyosimama wima. Nafasi ya kuvuta kasi ni fupi. Nimeirudia sehemu hii polepole mara nyingi kuliko nyingine yoyote, nikiwa na wasichana na nikiwa peke yangu, na ninachokiona ni hiki: wanaoshindwa wengi huukumbatia ukuta mapema. Wanaona ukingo uko karibu, wanajirusha kifua mbele, nyayo zinapoteza mshiko, wanateleza hadi chini. Kacy hafanyi hivyo. Mwili wake unabaki nyuma kidogo, nyayo zinausukuma ukuta wenyewe, magoti yanapanda juu sana, na ile hatua ya mwisho ndiyo inayomrusha. Mkono unanyooka wakati mwili bado unapanda. Mtu mrefu akiinua mkono anamzidi Kacy karibu sentimita 40 kabla hata hajaruka, na hizo sentimita Kacy hana pa kuzipata isipokuwa kwenye miguu yake.

Akashika ukingo, akajivuta, akasimama juu. Hakuna mwanamke aliyewahi kuupanda ukuta ule kwenye mashindano kabla yake, wala kumaliza kozi ya mchujo wa mji, ngazi ya kwanza ya mashindano hayo. Baadaye, kwenye fainali ya Dallas iliyorushwa Julai 2014, akafanya kubwa zaidi: vikwazo 10, karibu dakika 9, akamaliza. Mwishoni kulikuwa na kupanda katikati ya kuta mbili kwa kuzisukuma kwa mikono na miguu, na hapo alikuwa amechoka wazi. Unamwona anatulia, anashusha pumzi, anapandisha mguu mmoja, anatulia tena. Wanaume wenye misuli ya kutisha walikuwa wameshatumbukia kabla ya kufika pale. Akabonyeza kitufe, na kwa mara ya kwanza mwanamke akawa amemaliza fainali ya mji.

Video inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hukatwa hapo. Mimi naiendeleza. Naamini kabisa kwamba msichana akionyeshwa Dallas peke yake ameibiwa nusu ya habari.

Nusu ya pili iko Las Vegas, fainali ya taifa, hatua ya kwanza. Kuna kikwazo wanachokiita Jumping Spider. Unakimbia, unakanyaga trampolini ndogo, unaruka hadi katikati ya kuta mbili, na ukiwa hewani inabidi utanue mikono na miguu uzibane zote mbili kwa wakati mmoja. Kacy aliruka vizuri. Hakuweza kujishikiza, akaanguka majini. Dallas alikuwa ameingia kati ya kuta taratibu, akajipanga, akapanda. Huku kuta zilimtaka atanuke mara moja akiwa angani, na mikono na miguu ya mtu wa sentimita 152 ina mwisho wake.

Wasichana wangu huwa wananyamaza hapo, halafu maswali yanaanza. Je, angefanyaje? Angeruka juu zaidi? Angeingia kwa pembe? Haya ni maswali ya mtu anayefikiri kwa mwili wake, na hawakuyauliza walipoona Dallas. Dallas walipiga vigelegele tu.

Ndipo ninapowaeleza waliofuata. Jessie Graff, mwanamke anayefanya kazi ya hatari kwenye filamu kwa niaba ya waigizaji, aliyewahi kuruka kwa upondo akiwa chuo, mwaka 2016 akawa mwanamke wa kwanza kumaliza hatua ileile iliyomtoa Kacy. Mwaka 2017 akafuata Allyssa Beird, na huyu nampenda kwa sababu zangu: alikuwa mwalimu wa darasa la tano. Alikuwa akisahihisha madaftari, halafu jioni anakwenda kuning'inia kwenye vyuma. Nilipowaambia wanafunzi, walinitazama kwa macho mengine kidogo.

Mdogo wangu alinipinga hapo. Alisema Kacy hakumaliza tena kozi kama ile ya Dallas miaka iliyofuata, akahamia mieleka, kwa hiyo ule ulikuwa msimu mmoja tu wa bahati. Sikubali. Bahati haikupandishi ukuta wa mita 4, halafu ikupitishe vikwazo 10 usiku mwingine. Na huko mieleka alikwenda na mwili uleule na ujuzi uleule. Mtazameni kwenye Royal Rumble ya 2019, pambano la kutupana nje ya ulingo: sheria ni kwamba ukitupwa nje na miguu yote miwili ikagusa chini umetoka. Akatupwa nje ya ulingo, akatua kwa mikono, akatembea kwa mikono hadi kwenye nguzo, akapanda, akarudi. Hiyo ni jimnastiki tupu. Mwaka 2022 yeye na Kayden wakachukua mikanda ya ubingwa wa timu za wanawake wawiliwawili ya NXT, kitengo cha WWE cha wanamieleka wanaoinukia, wakakaa nayo zaidi ya miezi 6. Mwanamichezo anapobadili mchezo hajaukimbia ule wa kwanza.

Sasa nirudi nyumbani. Mji wetu umejaa mawe. Bugando, Isamilo, Mabatini, nyumba zimeshikiliwa na mawe makubwa kuliko nyumba zenyewe, na kati ya jiwe na jiwe kuna nyufa ambazo watoto wamezipanda tangu babu zetu. Mgongo unaegemea jiwe moja, nyayo zinasukuma jiwe la pili, unajipandisha kiuno kidogo kidogo. Ni kanuni ileile ya zile kuta za Dallas. Wavulana wanaijua wote. Wasichana nao wanaijua hadi wafike kama miaka kumi, kisha wanaitwa washuke: msichana hapandi mawe, msichana ana sketi, msichana ana ndoo ya maji inamsubiri. Kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, tunawapeleka riadha, netiboli, mpira wa miguu, na nashukuru kwa kila kimojawapo. Lakini nguvu ya kushika, ya kujivuta, ya kusukuma kwa nyayo, hatuifundishi popote, na wanayo. Nimemwona binti akishuka mlimani na dumu la lita 20 kichwani, kwenye jiwe linaloteleza, bila kushika kitu. Hiyo mizani ya mwili ni ya kocha gani?

Na wasionione naota ndoto za televisheni. Vikwazo vimeingia Olimpiki. Baada ya vurugu za farasi kwenye Olimpiki ya Tokyo, shirikisho la michezo mitano ya kisasa, shindano moja linalounganisha michezo mitano, liliamua kuondoa upandaji farasi na kuweka vikwazo, na Los Angeles 2028 ndiyo itakuwa mara ya kwanza. Farasi hatukuwa naye kamwe. Ukuta, kamba na vyuma tunaweza kuvijenga.

Tumeshaanza. Kamba tulinunua kwa wavuvi pale mwaloni Kirumba, nene, ya kufungia mitumbwi, tukaifunga kwenye mwembe. Matairi tulipewa na fundi wa magari. Mzazi mmoja ambaye ni seremala ametutengenezea ukuta wa mbao wa futi 8, umepinda chini, na wiki iliyopita binti yule wa kwenye mstari wa chaki aliugusa ukingo kwa vidole viwili akashuka anapiga kelele. Hajaupanda bado. Mama yake alikuja shuleni na wasiwasi. Tukasalimiana, akakaa kwenye benchi, akatazama zoezi zima kimya. Mwishoni akanipa masharti mawili: mtoto avae suruali ya michezo chini ya sketi, na saa kumi na mbili kamili awe amefika nyumbani. Nimeyakubali yote mawili, na suruali nimewanunulia wasichana wote ili asibaki mmoja pembeni.

Kinachotukwamisha sasa ni mahali pa kuangukia. Mchanga wa ziwani tumemwaga, lakini ukilowa unakuwa mgumu, na sitaki mtoto avunjike mkono. Nahitaji magodoro, hata kuukuu, hata yaliyochanika, mradi sponji iwe nzima. Mliopo Nyamagana na Ilemela wenye godoro la kutupa, msilitupe. Niandikieni hapo chini, nitakuja na bajaji kulichukua mwenyewe.