Siku moja ya dada wa chama: kuwasemea makandarasi, Arusha

Nikisema kazi yangu ni kufuatilia sheria kwa niaba ya chama cha makandarasi wa Kanda ya Kaskazini, swali la kwanza huwa nawapa wabunge shilingi ngapi. Siwapi kitu, nawapelekea karatasi. Leo nimeamua kuandika karatasi hizo zinavyopatikana.

Saa 11 alfajiri. Juni ya Arusha mnaijua: ukungu, sweta, Mlima Meru umejifunika. Usiku katibu alirusha kwenye kundi letu la WhatsApp mwaliko wa Kamati ya Bunge ya Bajeti. Wadau wapeleke maoni juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha, mwisho leo usiku. Haraka hii ni ya kila mwaka. Bajeti husomwa katikati ya Juni na sheria inatakiwa ianze kazi Julai 1, kwa hiyo muda wa sisi kusema ni mwembamba mno.

Saa 2 asubuhi. Ofisini Kijenge. Chai, chapati, barua mbili za benki kuhusu dhamana za zabuni, na simu za wanachama wanaouliza kama NeST, mfumo wa serikali wa zabuni za mtandaoni, imegoma au ni mtandao wao.

Saa 4. Maoni yenyewe yamekamilika, kurasa tatu. Hoja yetu kubwa ni moja. Mikataba ya kawaida ya kazi za serikali inampa mwajiri, yaani taasisi yenye kazi, siku 28 za kulipa tangu setifiketi ya kazi iliyofanyika iidhinishwe. Akichelewa, analipa riba. Ukiisoma utasema mkandarasi amelindwa. Lakini riba hiyo lazima aidai mwenyewe, kwa barua, kwa taasisi ile ile atakayoiomba kazi mwakani. Wangapi wataandika barua hiyo? Wakati huo huo benki iliyomkopesha hela ya nondo na simenti inahesabu riba yake kila mwezi bila kumwandikia mtu. Tunaomba na hii yetu ihesabike yenyewe siku ya 29.

Sisemi hatujapata kitu. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, kiwango cha kazi zinazoachwa kwa makandarasi wa ndani kilipanda kutoka shilingi bilioni 10 hadi bilioni 50. Hilo ni jambo kubwa, na wenye sekta walilisemea miaka. Ila kumpa mzawa kazi kisha kumchelewesha malipo ni kumfilisi ukiwa unamsifu.

Mbunge mmoja alishatuambia wazi: maneno ameyasikia ya kutosha, anataka nyaraka. Ndiyo sababu saa 5 nilikuwa kwenye Hiace ya Usa River, kumfuata mzee mmoja, mkandarasi wa daraja la sita, anayejenga madarasa upande wa Tengeru. Tuliahidiana saa 5 na nusu. Saa 6, hayupo. Saa 7, fundi mkuu ananiambia mzee ameenda kutafuta kokoto za mkopo. Nikakaa kwenye rundo la matofali. Saidia fundi wawili walikuwa wameketi kivulini, ndoo zimekauka, na mama ntilie ana daftari lenye majina yao na wanachodaiwa. Hao hakuna sheria ya ununuzi inayowataja, lakini setifiketi ikilala mezani kwa mtu, wao ndio wa kwanza kulala njaa.

Mzee alifika saa 8 ikiwa imeshapita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimekuchelewesha, nisamehe. Lakini kile kitu nimefikiria, sitaweza."

Nilijua atasema hivyo, wengi husema hivyo. Alitoa bahasha ya kaki ndani ya mfuko wa nailoni, akaishika, hakunipa. Akaniambia ana watoto chuoni, na kwa taasisi hiyo anayoidai ndiko anakopata kazi. Wakimwona kwenye karatasi za Bunge, ataitwa mkorofi.

Sikumbishia. Nilimwomba anionyeshe tu, bila kunipa. Setifiketi ilikuwa na muhuri wa "Imepokelewa" wa mwezi Novemba. Tumo Juni. Nyuma yake amebana barua zake za kukumbushia, lugha ya upole tupu, hakuna hata moja inayotaja riba.

"Mzee, tukifunika jina lako, la mwajiri na namba ya mkataba, zikabaki tarehe tu?"

Alinyamaza muda mrefu. Akamwita fundi mkuu, wakanong'ona. Akachana vipande vya mfuko wa simenti na kuviweka yeye mwenyewe juu ya kila jina, kisha akabonyeza kwa vidole huku mimi napiga picha. Kipande kimoja kikapeperuka, akanisimamisha tukarudia. Tulirudia ukurasa mmoja mpaka jua likahama. Mtu aliyejenga kwa haki anaficha jina lake kama aliyeiba!

Kurudi kulikuwa na foleni mbaya, na miguu iliwaka moto. Chakula cha mchana nilikila jioni. Wanachama wengine watatu nao walikubali baada ya kuona majina yamefunikwa. Mmoja wa Moshi aliomba nifute hata rangi ya muhuri, nikafuta. Mwenyekiti akataka aya ya pili ibadilishwe, halafu akataka irudi ilivyokuwa. Umeme ukakatika ukarudi.

Barua pepe iliondoka saa 5 usiku, kurasa tatu na viambatisho. Kamati ikiridhika, hoja inaweza kuingia kwenye jedwali la marekebisho kabla muswada haujapitishwa. Isiporidhika, tutasubiri bajeti nyingine na mzee atakuwa anadai bado. Nimepanga begi. Basi la Dodoma kupitia Babati na Kondoa linaondoka alfajiri, nakala zilizochapwa ninazo. Nikipewa nafasi ya kusema mbele ya Kamati, nitaanza na muhuri ule wa Novemba.