Jumapili zote zimekuwa moja

Jumanne mshauri wangu aliniomba jambo dogo: nimsimulie siku moja niliyofurahi na marehemu baba. Nikajibu haraka, "Jumapili alikuwa ananichukua tunakwenda Feri kununua samaki."

"Hiyo ni kila Jumapili," akasema taratibu. "Nipe moja."

Sikuwa nayo. Miaka yote ile, na kichwani kimebaki kitu kimoja tu: harufu ya samaki, kelele za mnada, mkono wa baba. Nililia. Niliona kama nimefiwa upya.

Akaniambia siko peke yangu. Mwaka 1986 huko Uingereza, Mark Williams na Keith Broadbent waliwatajia neno baada ya neno watu waliokuwa wamejaribu kujiua, wakiwaomba wakumbuke tukio moja mahususi. Mara nyingi walijibu kwa jumla, kama mimi. Ubongo una sehemu iitwayo hipokampasi. Kazi yake mojawapo ni kutenganisha mambo yanayofanana, Jumapili hii isimezwe na ile. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, huivuruga kazi hiyo.

Wasiwasi nao una mambo yake. Simu ya msiba iliita saa tisa usiku, na hiyo naikumbuka yote, hadi ubaridi wa sakafu miguuni. Tangu hapo simu yoyote ikiita usiku ni ileile, hata kama mtu kakosea namba. Nimebadilisha mlio mara tatu. Moyo unanienda mbio vilevile.

Jana nikampigia mdogo wangu, nikamwuliza kuhusu Feri. Hakufikiri hata kidogo. "Dada, umesahau siku ndala ya baba ilipokatika kwenye tope? Mama mmoja mkaanga samaki akampa ya kwake, nyekundu. Baba akarudi nayo mpaka nyumbani, mguu mmoja bluu, mwingine mwekundu."

Nikanyamaza. Kisha nikauona mkia wa nguru umetokeza kwenye kikapu, na baba amesimama kituoni bila haya yoyote, anampisha mzee apande kwanza. Ilikuwa imenyesha. Nilikuwa nimevaa gauni la shule kwa sababu mengine hayajakauka.

Mshauri amenipa daftari. Kila usiku niandike kitu kimoja ambacho ni cha siku hiyo tu.

Leo: kondakta amenirudishia chenji ya sarafu, moja imetobolewa katikati.